Gauni la Kukhu Lilinitosha

Juzi nilikuwa Eastleigh nikitafuta kitambaa cha pazia. Nilipokuwa napita kwenye duka la nguo za kina mama, msichana wa duka akafungua sanduku mbele yangu, na harufu ya zile tembe nyeupe za kufukuzia nondo ikanipiga puani. Nilijikuta nimeinama, mabega yameingia ndani, kidevu kinatafuta kifua. Msichana akaniuliza, "Mathe, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Sikuwa sawa hata kidogo. Mimi mwanamke mzima, mwenye nyumba na watoto, nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa darasa la sita aliyevishwa gauni la mtu aliyekufa, gauni hilo likamtosha.

Sikuwa mnene. Nataka hilo lieleweke, ingawa kila nikilisema naona haya upya, kana kwamba walio wanene wamemkosea mtu. Nilikuwa mkubwa tu. Mabega yangu yalikuwa mapana, vifundo vya mikono vimejaa, miguu inavaa viatu vya Mama. Nekesa, dada yangu aliyenitangulia, alikuwa akila chapati mpaka Mama anaficha sufuria, na bado aliweza kupenya katikati ya vyuma vya geti bila kulifungua. Mimi nikinyoosha mkono kuchukua ya pili, Mama alikohoa. Alikohoa tu, na mkono ukarudi ulikotoka.

Kama ulikulia Eastlands wakati wetu, unakumbuka michezo. Mimi nilikulia Fedha, kwenye nyumba za kupanga zinazoelekea Mukuru kwa Njenga, na kila jioni wasichana wa ploti walicheza blada kwenye ile nafasi ya kuanikia nguo. Walikuwa wanaunganisha vipande vya mipira ya matairi mpaka inakuwa kamba ndefu, wawili wanaishikilia kwa miguu, wengine wanaruka. Mimi nilishikilia. "Nasimiyu, wewe shikilia tu, wewe ni kama poo," walikuwa wananiambia, wakimaanisha mlingoti wa stima. Tukicheza kalongo, ule mchezo wa kuigiza baba, mama na watoto, mimi ndiye niliyekuwa mama, na siku ambayo hakukuwa na mvulana nilikuwa baba. Sikumbuki hata siku moja niliyokuwa mtoto. Nilitamani sana kuwa mtoto, nibebwe mgongoni kwa leso na kupigwapigwa matako nilale, lakini nani angenibeba?

Kanisani ilikuwa vilevile. Kila kulipokuwa na mgeni anayepanga viti, alikuwa ananitoa kwa watoto na kunisukuma nyuma kwa adabu, "Mama, wewe keti huku." Mama Hamdi, aliyekaa chini yetu na kuuza vitambaa kwa jumla, alikuwa akiniona kwenye ngazi anasema "Mashallah!" huku akinitazama juu mpaka chini. Mimi nilikuwa napanda mbio, nikidhani mashallah ndilo neno la kumwambia mtu mwenye kasoro.

Mtu mmoja tu hakunitia haya, naye ni Baba. Alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha sabuni kule Industrial Area, akienda na kurudi kwa miguu, na akifika nyumbani jioni alinukia sabuni kuliko sisi tuliooga. Alikuwa anaketi, ananipa gazeti la jana alilookota kazini, nami namsomea kwa sauti. Hakusikiliza sana. Alikuwa ananiangalia usoni nikihangaika na maneno marefu, na nikishinda neno gumu alitabasamu. Pale mbele ya kiti chake sikuwa mkubwa wala mdogo.

Kisha akaja Kukhu. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu magharibi. Alikuwa mama yake Baba, akaletwa Nairobi kwa ajili ya matibabu ya sukari. Siku aliyofika nilikuwa nyuma ya mlango, na mlango ulipofunguka nikaona mtu ameujaza wote. Mabega, vifundo, miguu. Hata kile kidole kidogo cha mguu kilichopindia ndani, ambacho nilidhani ni changu peke yangu duniani, kilikuwa pale kwenye kandambili zake. Akanishika uso kwa mikono miwili, akacheka mpaka akakohoa, "Kumbe mwenzangu yuko Nairobi!"

Kwetu mtu hupewa jina la aliyetangulia. Mimi nilizaliwa Kukhu akiwa hai, kwa hiyo jina lake sikulipata. Nilipata mwili.

Tulilala kitanda kimoja, kwa sababu Mama aliona ni busara wakubwa walale pamoja. Nilimpenda, na niliona haya kuonekana naye. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja na hakuna lililopunguza jingine. Jumapili alikuwa anavaa gauni lake la kanisani, rangi ya damu ya mzee, lenye kola nyeupe, vifungo vikubwa mbele na mifuko miwili aliyoijaza njugu. Siku nyingine zote gauni lilikaa sandukuni na zile tembe nyeupe, ndiyo maana lilinukia vile. Alipenda nimshike mkono hadi kanisani. Vijana waliokaa kwenye kuta za ploti walikuwa wanatuona na kupiga mluzi, "Cheki! Fotokopi hiyo inapita!" Kukhu hakujua maana yake. Alikuwa anawapungia mkono.

Alikufa hospitalini kabla ya mvua za masika. Tukasafiri, tukazika, tukarudi. Sitasimulia hayo, kila mtu wa rika letu amezika.

Lakini kuna desturi moja lazima niieleze. Kwetu nguo za marehemu haziachwi zikining'inia. Ndugu hukusanyika, huzigawana, na anayepewa nguo huivaa papo hapo mbele ya watu ndipo aondoke nayo. Zile zilizokuwa nyumbani kijijini ziligawanywa kulekule. Zilizobaki Nairobi zilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda chetu, nami nililala juu yake nikisikia harufu yake. Kwa hiyo Jumapili moja mchana ndugu wa Nairobi wakaja kwetu kumalizia kazi. Wanaume wakakaa kwenye veranda na chai yao. Wanawake wakajaa sebuleni, na aliyewasimamia alikuwa Senje.

Senje ndivyo tunavyomwita shangazi, na huyu alikuwa dada mkubwa wa Baba. Aliuza mitumba Gikomba, na alikuwa na jicho la mitumba: alikutazama mara moja akajua nambari ya suruali yako, kiatu chako na sidiria yako, kisha akaitangaza. Akafungua sanduku. Leso zikaenda, sweta zikaenda, kila mmoja akavaa, wakapigiana makofi na kulia kidogo. Mwisho likabaki gauni la damu ya mzee.

Likazunguka. Senje mdogo, kitinda mimba wa kike katika watoto wa Kukhu, akaliingia na kupotea humo. "Mama yangu! Hii imenimeza," akasema, akishika kitambaa kilichobaki pembeni kama mtu aliyeshika pazia. "Tungeingia wawili, na mtoto mgongoni." Wakacheka. Mwingine akajaribu, ikawa vilevile. Nilikuwa mlangoni mwa jikoni na trei ya vikombe, na nilianza kurudi nyuma polepole. Jicho la Senje lilikuwa limeshanifikia.

"Na Nasimiyu?"

Mama akasema upesi, "Senje, huyo bado ni mtoto. Liwekeni, atalivaa akikomaa."

"Nguo ya maiti haiwekwi, mama. Kuja hapa, mtoto. Vaa tuone."

Wakanivisha juu ya fulana yangu. Nilikuwa naomba, naapa nilikuwa naomba Mungu: linilegee. Liburute chini. Wacheke waseme mtoto huyu amepotea kama sisi. Kola ikakaa shingoni. Mshono wa bega ukakaa juu ya bega langu mahali penyewe. Senje akafunga vifungo kimoja kimoja kutoka juu, na kila kifungo kikaingia kwenye tundu lake bila kuvutwa. Hata pindo likaishia pale lilipokuwa likiishia kwa Kukhu. Nikatia mikono mifukoni kwa sababu sikujua pengine pa kuitia, nikakuta maganda ya njugu.

Vigelegele vikalipuka.

Leo najua walikuwa wananipa heshima. Nimeelezwa hivyo mara nyingi na watu wazima wenye nia njema. Wakati ule nilichoona ni wanawake wazima wanashangilia kwamba mimi, mtoto wa darasa la sita, niliyekuwa bado naogopa giza la bafuni, nina mwili wa bibi kizee aliyeko kaburini. Senje akanishika mkono kwa mikono miwili, akapiga goti, "Mama, umerudi. Habari za huko?" Alianza kama mzaha. Lakini wengine wakapanga foleni nyuma yake, na mzaha ukaisha njiani. Mmoja alinieleza kwamba ng'ombe ameshazaa. Mwingine alinishukuru kwa ada ya shule. Senje mdogo alipofika hakupiga goti, alianguka. Akaweka kichwa kifuani pangu, mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa bado naogopa kuguswa, akalia kwa sauti.

"Mama, nilisema nitakuja Jumatano. Nilisema Jumatano, sikuja. Nisamehe."

"Mjibu," Senje akaniamuru. "Mwambie amesamehewa."

Nilimshika kichwa. Nikasema, "Nimekusamehe." Sauti iliyotoka ilikuwa yangu, nyembamba, na hiyo ikawaliza zaidi. Senje akajipangusa macho kwa ncha ya leso, akatangaza, "Mnaona? Mama hajaenda mbali. Huyu hapa. Ameingia hapa."

Aliniwekea kidole kifuani. Nami nikaamini. Mbona nisiamini? Watu wazima walikuwa wanalia juu yangu.

"Wanyonyi!" Senje akaita kuelekea veranda. "Kuja umwone mama yako!"

Baba akaja na kikombe mkononi. Akasimama mlangoni. Nikamtazama kwa macho yote, nikitumaini atasema neno, hata "Vueni mtoto hiyo nguo." Akanitazama mara moja, uso wake ukabadilika kama mtu aliyefumaniwa. Akainamisha macho. Akatua kikombe juu ya redio, akageuka, nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi hadi chini. Hakurudi mpaka wageni walipoondoka.

Tangu siku hiyo hakuniangalia tena. Alikuwa anarudi na gazeti, analifungua, anasoma mwenyewe. Nikimpelekea chai alikuwa anaipokea huku akitazama kikombe. Nikisimama mbele yake alikuwa na shughuli na kamba za viatu. Nekesa aliendelea kuangaliwa, Mama aliendelea kuangaliwa, hata paka wa Mama Hamdi akipita aliangaliwa. Sikuhitaji kuelezwa sababu. Sasa hata Baba ananionea aibu, nikajua. Aliyekuwa peke yake ameungana na wengine.

Nikapanga namna ya kumtoa Kukhu. Hoja yangu ilikuwa hivi: kama aliingia, basi kulikuwa na nafasi, na dawa ni kuipunguza nafasi hiyo. Chakula cha mchana shuleni nikaanza kuwagawia wenzangu. Usiku nilikuwa nalala nimejikunja, magoti kidevuni, nisije nikarefuka. Na asubuhi, kabla ya kuvaa sare, nilichukua leso kuukuu ya Mama, nikaifunga kuzunguka mabega na kifua kwa nguvu zangu zote, nikipitisha chini ya kwapa na kuikaza kwa fundo mgongoni. Mifupa haikubali kufungwa. Ilinichoma mchana kutwa. Lakini nilipojitazama kwenye kioo cha dirisha la darasa niliona ama nilidhani naona msichana mwembamba zaidi, na maumivu yale nikayahesabu kuwa ni Kukhu anabisha hodi atoke.

Nilikuwa namwomba msamaha pia. "Kukhu, si kwamba sikupendi. Nenda tu kwa Senje mdogo, yeye anakutaka."

Hilo liliendelea hadi siku moja kwenye gwaride, tukiimba wimbo wa taifa, nikaona bendera inateleza upande. Nilipozinduka nilikuwa ofisini sakafuni, mwalimu wa kike amenifungua sare na anahangaika na fundo. Mama akaitwa. Alikuja na aproni, ana unga mikononi, akanishika mkono njia nzima. Nyumbani akachemsha maji, akaniketisha kwenye beseni kama mtoto mchanga, akanikanda alama za leso mabegani. Zilikuwa zimeingia nyamani, nyekundu.

"Nani amekufunga hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini, Nasimiyu?"

"Nataka Kukhu atoke."

Mama akaacha kukanda. "Atoke wapi?"

"Huku ndani. Akitoka, Baba ataniangalia."

Akakaa pale kando ya beseni, kitambaa kinadondosha maji kwenye goti lake. Mama yangu si mtu wa kulia. Alinivalisha, akanipa chapati mbili, na hakukohoa. Baba aliporudi nikasikia sauti ya Mama jikoni, ya chini lakini kali. "Mimi sitamwambia mambo ya macho yako. Utamwambia mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata Baba alitoka kazini mchana, akaniambia nivae viatu. Tukatembea hadi kwenye kibanda kimoja cha chai karibu na viwanda, wanakokula vibarua. Akaagiza chai mbili na mandazi. Mama mwenye kibanda akamwuliza, "Na mama watoto ataweka sukari ngapi?" akinielekezea mimi kijiko. Baba akamjibu, "Huyu ni binti yangu." Alisema akitazama meza. Nilitamani ardhi inimeze na mandazi yangu.

Akaanza kuongea. Baba hakuwa msemaji. Kila sentensi aliitoa kwa shida, akaitazama kidogo mezani, kisha akaleta nyingine.

"Nilikuwa kidato cha kwanza. Shule ya kulala. Siku ya wazazi, mama yangu akaja kwa miguu, na njia ni ndefu. Alikuwa na gauni kama lile. Vijana wa darasa letu walikuwa dirishani. Wakasema, nani ameleta trekta? Wakacheka." Akazungusha kikombe. "Mimi pia nilikuwa dirishani."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda choo. Nikakaa huko. Nilisikia wananiita jina, mwalimu ananiita, nikakaa tu. Mpaka akaenda. Alikuwa ameniletea kuku wa kukaanga, akamwachia mwalimu wa zamu."

"Alijua?"

"Sijui. Hakuniuliza hata siku moja. Mpaka amekufa hakuniuliza." Vibarua wawili wakapita wakimsalimia, akawaitikia. "Sasa siku ile pale mlangoni, nilipokuona... nilifikiri amekuja kuniuliza."

Mtu mzima angesikia mtu anaungama. Mimi nilisikia neno moja tu: trekta. Kumbe ni kweli, nikawaza. Mwili huu unaweza kumfanya mtoto amkimbie mama yake mwenyewe. Haikuwa mawazo yangu. Na kama Baba alijificha kwa sababu ya mwili wa mama aliyemzaa, mimi ni nani hata asinikimbie?

Nikamwuliza hivyohivyo, kwa sababu niliona ni heri nijue. "Baba, wewe ukikuja shule yetu, utaenda choo?"

Chai ikamwendea vibaya. Alikohoa mpaka mama mwenye kibanda akamletea maji. Alipotulia alisema, "Siku ya kufunga shule nitakuja mimi, si mama yako. Nitasimama getini, nitakuita."

"Usikuje."

"Nitakuja."

Alidhani ananitibu. Mimi nilihesabu kila usiku uliobaki kwa hofu. Nilijua wasichana wa darasa letu. Nilijua namna watakavyomtazama yeye, kisha mimi, kisha wao kwa wao. Wangesema ni bwana yangu, kama alivyodhani mama wa kibanda cha chai. Wangemcheka Baba yangu, mtu mpole, mwenye kiatu kilichoshonwa kando, kwa sababu yangu. Kosa lake lingekuwa kuja kunichukua.

Siku ilifika. Tulipewa ripoti, tukaimba, tukaombewa. Nikatazama dirishani. Baba alikuwa getini ameshafika, amevaa shati lake jeupe la harusi za watu, kofia mkononi, anatazama kila mlango wa darasa kwa bidii. Alikuwa amejipaka mafuta usoni mpaka anang'aa. Sijawahi kumpenda mtu kiasi kile. Nikachukua mkoba wangu wa vitabu, nikapita mlango wa nyuma, nikakimbia hadi vyoo vya wasichana, nikajifungia kile cha mwisho.

Nataka mwelewe. Sikumwonea Baba aibu hata chembe. Nilikuwa namwokoa. Nisipoonekana nimesimama naye, hawatakuwa na la kumcheka.

Kengele ikalia. Nikasikia miguu ya shule nzima ikitoka. Kisha sauti yake.

"Nasimiyu!"

Sikuwa nimewahi kumsikia Baba akipaza sauti. Ilikuwa sauti isiyozoea kupazwa, iliyopasuka katikati.

"Nasimiyu wa Wanyonyi!"

Watoto wakaidaka. "Nasimiyuuu! Bonge! Fathe yako anakuita!" Wakacheka, wakaimba jina langu wakitoka getini, na kila walipoliimba yeye alilirudia juu ya sauti zao, "Nasimiyu! Binti yangu! Niko hapa!" Nilijiziba masikio. Choo kilinuka chokaa na mkojo, jasho lilinitiririka mgongoni, na nilikuwa nalia kwa hasira, kwa nini hanyamazi, kwa nini haoni wanamcheka, kwa nini asiende tu.

Sauti za watoto zikapungua, zikaisha. Nikasikia mlinzi akivuta mnyororo wa geti na kumwambia, "Mzee, watoto wote wamekwenda." Baba akamjibu kitu sikukisikia. Mnyororo ukanyamaza.

Nilingoja. Miguu ilipoanza kufa ganzi nikafungua mlango, nikachungulia. Uwanja ulikuwa mtupu, karatasi za ripoti zinapeperuka. Baba alikuwa amesimama palepale. Nikamwendea nimeinama, mabega ndani, mkoba nimeuburuta, nikasimama hatua chache mbele yake.

"Umekaa sana," akasema.

"Nilikuwa choo."

"Najua."

Na hapo akaniangalia. Hakutazama viatu, wala mkoba, wala ukuta uliokuwa nyuma yangu. Alianzia utosini, akashuka kwenye paji, kwenye macho yaliyovimba, kwenye mabega yale, kifua, mikono, magoti, hadi kidole kilichochungulia kwenye ndara, akapanda tena taratibu. Wiki zote hizo nililia kwa ajili ya macho hayo. Nilijifunga leso kwa ajili yao. Sasa yalikuwa juu yangu yote, na sikuweza kuyavumilia. Nikainua mkoba wa vitabu nikajifunika uso.

"Baba, usiniangalie."

Hakuondoa macho.